Mkanda wa Babu Randa

Mama Kufuli alikuwa msusi, na alikuwa pande la mama. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti viwili, na draya iliyojua kunguruma kuliko kukausha. Ukikaa kusukwa kwake, unatulia. Ukijitikisatikisa, anakubana kichwa kwa magoti na kuendelea na kazi huku akikuuliza habari za nyumbani. Wateja walilalamika, wakaapa hawarudi tena, halafu wakarudi, kwa kuwa misuko yake ilikuwa ya kuotea mbali.

Lakini jina la Kufuli hakulipata saluni. Alilipata kwenye moto, na ili lieleweke lazima turudi nyuma kidogo, kwa Babu Randa.

Mtaa wao uko juu ya mlima, na barabara ya kupandia ni ya kuvunja mgongo. Gari la zimamoto la mji lilikuwepo, na tusiseme uongo, lilikuwa gari zuri, jekundu, la kung'aa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, lilikuwa halifiki. Siku nyumba ya Babu Randa ilipoungua lilifika moto umeshalala. Wakashuka wanaume wenye viatu virefu, wakamwagilia majivu kwa bidii zao zote, wakatoa pole, wakashuka mlima.

Babu Randa alikuwa seremala, na kilichomuumiza hakikuwa nyumba. Mkewe alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama nje naye, bega kwa bega, majirani wamewazunguka, pole zinamiminika. Ghafla mama wa watu akakumbuka cherehani yake. Kabla mtu hajasema "wee!" alikuwa ameshaingia ndani, na hakutoka tena. Mpaka anaingia kaburini Babu Randa alikuwa akirudia maneno yaleyale: kwamba siku hiyo alikuwa na mikono miwili mizima, ya kubebea magogo, na ilikuwa imening'inia tu haina kazi.

Matanga yalipokwisha aliwaita majirani kwenye karakana yake. Hakuwapa hotuba. Aliwaonyesha ndoo, ngazi aliyoipiga misumari mwenyewe, na pampu ya mkono iliyong'olewa kwenye kisima kilichokauka. Akagawa kazi: wa kisimani wewe na wewe, foleni ya ndoo nyinyi, ngazi wewe, shoka wewe. Hivyo ndivyo kikosi cha kujitolea kilivyozaliwa, kwenye maranda ya mbao, bila bendera wala ngoma. Watu wa mjini waliposikia walicheka. Wakawaita Wazima Mishumaa, na wao wakalichukua jina hilo, wakaliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa karakana, herufi kubwa, ili anayepita acheke mpaka achoke.

Na Babu Randa mwenyewe alijipa kazi gani? Hapo ndipo watu walipodhani msiba umemchanganya. Alichukua mkanda mrefu wa ngozi uliokuwa ukizungusha mashine ya kupasulia mbao, akautia pete ya chuma kila ncha. Moto ukitokea, ncha moja aliifunga kiunoni mwake, na ncha ya pili akamfunga mwenye nyumba. Kisha alimwambia hivi: "Sasa tumefungwa. Ukiingia, tunaingia wote. Amua kama unataka kuniua."

Kazi ya pili ya mwenye mkanda ilikuwa kuuliza. Nani yumo? Chumba gani? Yuko kitandani au anatembea? Mtu ambaye nyumba yake inawaka hasikii la mwadhini, lakini aliyefungwa naye kiunoni atamsikia tu. Akishajibu, mwenye mkanda anapaaza sauti kwa wenye shoka, nao wanajua pa kubomoa. Ilikuwa kazi ya kuchekesha kuitazama. Moto unalipuka, watu wanahema na ndoo, na hapo kando mtu na nguvu zake amesimama kavu, amefungwa na mwenzake kama mbuzi wa mnadani. Lakini tangu mkanda ule uanze kazi, hakuna mwenye nyumba aliyerudi ndani.

Alipoanza kuzeeka akatafuta wa kumrithi. Wenye vifua vipana wakajipitisha mbele yake, wakinyanyua mbao ambazo hakuna aliyewaomba wanyanyue. Yeye akamchagua msusi. Alimwona kwenye bomba la maji, wanaume watatu wakitaka kumsukuma atoke kwenye foleni, naye akiwa amesimama na ndoo yake anazungumza na jirani kana kwamba wale ni nzi. "Huyu," akasema Babu Randa. "Huyu hata serikali haimng'oi."

Akamvalisha mkanda. Miaka ikapita, Babu Randa akafariki, na Mama Kufuli akawafunga watu wengi, mpaka mtaa ukampa jina hilo. Alipigwa vibao, alitukanwa matusi ambayo hayawezi kurudiwa mbele ya watoto, alichaniwa nguo. Mkanda ulijaa alama za meno. Moto ukishazimwa, wengi wa aliowafunga walikuja saluni baada ya siku chache, wakakaa kwenye kiti cha pili bila kusema wamefuata nini, wakaondoka.

Isipokuwa mmoja, fundi redio.

Nyumba ya fundi redio iliungua mchana kweupe. Alikuwa ametoka kununua betri, na aliporudi moto ulikuwa umeshakamata chumba cha mbele chote. Baba yake, mzee aliyepooza, alikuwa chumba cha nyuma. Mama Kufuli alimdaka fundi mlangoni, akamfunga, akamuuliza, akajibiwa, akapaaza sauti: "Mzee yumo! Chumba cha nyuma, kitandani, hatembei!" Wenye shoka walikimbilia ukuta wa nyuma. Walikuwa wamepasua tundu la kupitisha kichwa paa lilipoanguka.

Kabla paa halijaanguka, mzee alimwita mwanawe kwa jina. Fundi redio alimpiga Mama Kufuli ngumi, akamuuma mkono, akalia, akamwomba kwa jina la mama yake mzazi. Hakumwachia.

Tangu siku hiyo fundi redio hakumsalimia. Alihamia kibanda kinachotazama tanuri la mikate, akaendelea kufungua redio za watu na kuzifunga, na kila akiona Mama Kufuli anakuja, alivuka barabara akahamia upande wa pili. Kila asubuhi alipita mbele ya saluni kwa upande huo wa mbali, shingo ngumu. Mama Kufuli humtazama kupitia kioo, kichwa cha mteja kikiwa magotini, mpaka apotee kwenye kona.

"Anatembea vizuri," husema.

Wateja waliona huo ni ukatili. Hakuwaeleza.

Basi siku moja mpwa wake, mtoto wa kaka yake, fundi baiskeli ambaye sasa ndiye mkuu wa kikosi, aliingia saluni akasimama karibu na mlango.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunyoa au una neno? Maana hicho kipara hakinihusu."

Hakucheka. Mama Kufuli akajua ni neno.

"Ofisi ya mji wanataka kutupa pampu ya injini. Na mipira mirefu ya maji. Na kofia ngumu, Shangazi, kila mtu na yake."

"Ila?"

"Sijasema ila."

"Umeivaa usoni."

Akajikuna shingo. "Kuna mtu amepeleka malalamiko kwamba tunafunga watu kwa nguvu. Wanasema hilo ni kosa, mkanda uondoke kwanza. Jumapili tunakaa kikao."

Mama Kufuli hakuuliza ni mtu gani. Akaendelea kusuka, akavuta msuko mmoja mpaka mteja akasema aiii.

Jumapili karakana ilijaa. Watu walikaa kwenye mbao na ndoo zilizopinduliwa. Pampu ya mkono ilikuwa kwenye pembe yake, imepakwa grisi. Mkanda ulikuwa kiunoni mwa Mama Kufuli, juu ya gauni lake la kanisani, na tuseme ukweli, ulimkaa vibaya. Fundi redio alisimama mbele. Watu wengi walikuwa hawajawahi kumsikia akisema maneno mengi kwa mkupuo.

"Sikuja kumtukana mtu," alianza. "Nimekuja kusema lililotokea. Baba yangu aliniita. Siyo kelele ya moto, siyo mawazo yangu. Aliniita jina langu la utotoni ambalo hakuna mwingine analijua. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na nguvu, na huyu mama akanishikilia. Miaka yote nangoja aseme hakusikia. Ningemsamehe kama hakusikia. Muulizeni."

Mpwa akatazama sakafu. Kila mtu pale alikuwa anamtafutia Mama Kufuli njia ya kutokea, na njia ilikuwa wazi kabisa, neno moja tu.

Mama Kufuli akasimama.

"Nilisikia," akasema. "Nilimsikia vizuri. Jina lenyewe nimelihifadhi, nikiambiwa nilitaje nalitaja. Nilisikia na nikakaza mikono. Na leo tukirudi pale nakaza tena."

Mtu mmoja akasema "Ee Mungu" taratibu.

"Mnataka niseme naona haya? Sioni. Mnaona ananichukia. Na anichukie! Anaamka asubuhi ananichukia, anakunywa chai ananichukia, anafungua kibanda ananichukia. Maiti hawachukii mtu. Mimi nikiona anavuka barabara kunikimbia, nalala usingizi siku hiyo." Sauti ilimpasuka hapo, akaikohoa ikarudi. "Mkitaka kofia, vaeni kofia. Hongereni. Lakini msiniambie mkanda ni kosa. Kosa ni mikono kuning'inia."

Fundi redio alikuwa amefumba macho.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mikono ilipanda polepole, wengi wakitazama pembeni kama watoto waliokula sukari. Walitaka ile pampu, na ungewalaumuje? Wangapi kati yao walikuwa na mabega yaliyoteguka kwa kuvuta mpini wa chuma wa ile ya mkono? Mpwa akahesabu.

"Shangazi, kikao kimeamua. Lete mkanda."

"Njoo uuvue."

Hakuna aliyejitikisa. Mama Kufuli alingoja muda wa kutosha kila mtu aaibike kwa zamu yake, kisha akatoka nao kiunoni.

"Ukimgusa mtu tena kwenye moto," mpwa alimwambia pale mlangoni, "mimi mwenyewe nitakuzuia. Nakuomba usinifikishe huko."

"Utajaribu," alisema shangazi yake.

Pampu ya injini ilikuwa bado haijapanda mlima tanuri la mikate liliposhika moto.

Ilikuwa asubuhi, saa ya watu kwenda kazini. Mwenye tanuri, Mama Mikate, alikuwa dirishani anauza, na mdogo wake alikuwa ghala la nyuma anachekecha unga. Moto ulirukia kuni zilizorundikwa mlangoni mwa ghala, ukapanda darini. Mama Mikate alitoka nje na trei bado mkononi, akapiga yowe. Wazima Mishumaa wakaja mbio, foleni ya ndoo ikajipanga, pampu ya mkono ikaanza kulia. Naye Mama Kufuli akaja, pumzi juu, mkanda mkononi, mteja amemwacha na nusu kichwa.

Mpwa akasimama mbele yake, akamshika mabega yote mawili.

"Shangazi, nilikuambia."

"Toka mbele yangu."

"Nilikuambia!"

Nyuma yake Mama Mikate alitupa trei. Mikate ikabingirika barabarani. Alianza kuelekea mlangoni, kwanza kwa kutembea, kama mtu aliyesahau ufunguo. Watu wa foleni wakamwona. Wakatazamana, wakamtazama mkuu wao. Walikuwa wamenyoosha mikono Jumapili, na sasa mikono hiyohiyo ilikuwa na ndoo na haikujua ifanye nini.

Mama Kufuli angeweza kumtupa mpwa wake kando, alimlea, alijua pa kumbana. Lakini asingewahi. Aliyekuwa karibu na Mama Mikate kuliko wote alikuwa mtu aliyesimama kwenye mlango wa kibanda chake, ng'ambo ya tanuri, na bisibisi mkononi.

Akaurusha mkanda juu ya bega la mpwa wake.

"Mfunge!" akapiga kelele. "Fundi! Mfunge!"

Fundi redio aliudaka. Hata yeye baadaye hakujua kwa nini aliudaka, labda mkono wa fundi hauachi kitu kianguke. Alisimama ameushika, anautazama. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kuutupa chini kuliko yeye.

Kutoka ndani sauti ikaita: "Dada! Dada!"

Fundi redio aliruka barabara. Alimfikia Mama Mikate mguu mmoja ukiwa umeshapita kizingiti, akampitishia mkanda tumboni, akaupenyeza kwenye pete, akavuta. Ncha ya pili akaizungusha kiunoni mwake. Mama Mikate aligeuka akamwangushia kofi lililosikika mpaka kisimani.

"Niache! Ananiita! Husikii ananiita?"

"Nasikia," alisema fundi redio. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nasikia, dada yangu, nasikia."

"Muulize chumba!" alipiga kelele Mama Kufuli.

"Yuko wapi? Niambie alipo! Chumba gani?"

"Niache, mbwa wewe!"

"Chumba gani?"

"Ghala! Kwenye magunia, chini ya dirisha, niache..."

"Ghala!" Sauti ya fundi redio ilikatika, akaianza upya. "Ghala, chini ya dirisha! Bomoeni dirisha!"

Mpwa alikuwa bado amemshika shangazi yake. Alimtazama, akaitazama mikono yake mwenyewe, akamwachia. Alinyakua shoka la mtu wa kwanza aliyemkuta, akazunguka nyuma. Mama Mikate alizamisha meno kwenye mkono wa fundi redio. Hakumwachia. Fundi alipiga magoti naye pale vumbini, kati ya mikate, macho ameyafumba, na kila sauti ile ilipoita alijikunja kama anayepigwa yeye.

Walimtoa yule mdogo wake kupitia dirishani, mweupe kwa unga, anakohoa, yu hai. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua vibaya.

Jengo lilibaki kuta. Mpwa aliteremka mjini akawaambia wale wa ofisi kwamba mkanda unabaki, na kama pampu yao haiwezi kukaa chumba kimoja na mkanda, basi ikae huko huko. Walimwambia atajuta. Akawajibu kwamba anaitwa Mzima Mishumaa, amezoea. Pampu haijapanda mlima mpaka leo, na kofia hazijaonekana.

Fundi redio alikwenda saluni siku ambayo hapakuwa na wateja. Alisimama mlangoni, na kwa vile hakuwa amezoea kuingia, aligonga fremu ya mlango uliokuwa wazi. Kisha akaingia, akakaa kwenye kiti cha pili, chini ya draya, mkanda umeviringishwa mapajani.

Mama Kufuli alimtazama mkono. Akachemsha maji, akayatia chumvi, akaanza kumwosha jeraha la meno bila kumwuliza kama linauma.

"Vidole vyake havikunjiki," alisema fundi redio. "Yule mdogo mtu. Hawezi kukanda unga tena. Dada yake anasema ningemwacha angemtoa mapema, na vidole vyake vyote."

"Huenda."

Fundi alitegemea kuambiwa siyo kweli. Alimtazama.

"Na mimi?" akauliza. "Ningemfikia mzee?"

Mama Kufuli aliacha kuosha. Aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakukimbia.

"Sijui. Siku ile sikujua, na leo sijui. Ningekuwa najua ingekuwa kazi rahisi."

Fundi redio alitikisa kichwa taratibu. Mama Kufuli alimfunga kitambaa, akakaza fundo kama anavyokaza msuko, mpaka fundi akasema aiii. Kisha fundi akamnyooshea mkanda, ncha na pete zake. Mama Kufuli akaitazama ile ngozi, akaona alama mpya karibu na zile za zamani.

"Magoti yangu yamechoka," alisema. "Kaa nao."

"Mimi?"

"Si umesikia sauti na umekaza? Kuna mwingine hapa mtaani aliyefanya hivyo?"

Fundi redio akainuka, akaufunga mkanda kiunoni juu ya shati lake lenye madoa ya risasi ya kuunganishia nyaya. Akaenda mpaka mlangoni. Mama Kufuli akasimama nyuma yake kumsindikiza.

Mama Mikate alikuwa anapanda barabara upande wao, kikapu kichwani. Alimwona. Akasimama. Akatema mate chini, kisha akavuka barabara, akahamia upande wa pili, akaendelea kupanda, shingo ngumu.

Fundi redio hakuondoa macho. Alimtazama hatua kwa hatua, mpaka anafika kwenye kona.

"Anatembea vizuri," alisema.